Shimo la Katumba Songwe

Asifiwe alikuwa binti mwenye mdomo, na mdomo, kama tujuavyo, huponza kichwa. Chuoni, katika darasa lao la mazingira na jamii, kila mtu alikuja na ugomvi wa kwao. Baba yake Vitus alikuwa askari wa hifadhi, na ng'ombe wa kina Jubilate walitimuliwa kwenye hifadhi hiyohiyo. Wawili hao walikaa dawati moja wakinuniana muhula mzima. Ugomvi wa Asifiwe ulikuwa na Ambrose, kijana wa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe. Majirani kabisa, lugha ya nyumbani karibu moja, na hawasalimiani.

Chanzo kilikuwa mto. Songwe ndio mpaka wa Tanzania na Malawi, lakini mafuriko yakiwa makubwa mto wenyewe huhama, na mstari wa mpaka ukabaki mdomoni mwa watu. Siku moja Ambrose alisimulia kwamba mto ulipohama, kaburi la babu yake lilibaki upande wa Tanzania pamoja na shamba lao. Bibi yake alivuka kwenda kulifagia, akafukuzwa kwa mapanga.

"Kwetu kaburi ndiyo hati ya shamba," alisema. "Waliotufukuza walijua."

Asifiwe akasimama. "Shamba letu liko Katumba Songwe, ukingoni kabisa. Hakuna kaburi la mtu wa ng'ambo kule. Ninyi ndio mnaovuka kuiba ardhi. Dokta, twendeni tukachimbe kwetu, mwone."

Dokta Odilia, mwalimu wao, mtu wa Songea, alikuwa akitafuta shimo la kuwaonyesha tabaka za mchanga wa mafuriko. Akakubali, maskini, bila kujua anakubali nini.

Mzee Amon, baba yake Asifiwe, aliwapokea kwa furaha, akawaonyesha pa kuchimba, kwenye mpunga, kisha akaenda kuwakatia ndizi. Shimo la mpungani likajaa maji mara moja. Asifiwe, kwa kiherehere chake, akawahamishia kwenye kokoa, mahali palipoinuka, pakavu.

Walipofika kina cha kiuno, chepe la Jubilate liligonga kitu kigumu.

"Jiwe hilo," alisema Asifiwe, upesi mno.

Vitus alipangusa mchanga kwa kiganja. Ilikuwa saruji. Ukatokea msalaba, na chini yake jina lililoandikwa kwa kidole saruji ikiwa mbichi: ANYELWISYE. Kila asubuhi darasani waliitwa majina, na wote walijua kijana wa Karonga anaitwa Ambrose Anyelwisye.

Asifiwe alipigwa na butwaa. Akakaa kwenye rundo la udongo. Bado alijipa moyo: huenda mafuriko yalilifunika, huenda baba hakujua. Hakutaka kingine duniani ila hicho, baba awe hakujua.

Mzee Amon alirudi na mkungu begani, akachungulia shimoni. Hakushtuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka tu.

"Niliwaambia mchimbe kwenye mpunga," alisema mzee.

"Tata, ulijua?" Asifiwe alimuuliza baba yake.

"Mchanga wa kwanza tuliumwaga sisi, mimi na babu yako. Mafuriko yakamalizia." Alitua mkungu chini. "Kokoa hii ndiyo iliyokusomesha, mwanangu. Waambie wenzako wafukie."

Hakuna aliyenyanyua chepe. Ambrose alikuwa amepiga magoti, anasafisha herufi moja moja kwa kidole. Hakulia wala hakutukana. Asifiwe alitamani amtukane, angalau apate la kujibu.

"Asifiwe," baba yake alirudia, kwa upole. "Waambie wafukie."

Alimpenda baba yake. Hata wakati ule alimpenda, na ndicho kilichouma. Aliteremka shimoni, akasimama kando ya Ambrose.

"Mpigie bibi yako," alimwambia. "Mwambie tumempata mzee wake."

Baba yake akaokota chepe. Alisimama nalo juu ya shimo, na binti yake hakutoka.