Ngeli ya Wifi

Ploti ile ya Muthangari ilikuwa na wifi mbili, moja ya damu na nyama na nyingine ya waya, na balaa lote lilianzia hapo.

Wifi wa damu na nyama aliitwa Kanyiva. Alifundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na miwili, akastaafu, lakini chaki haikumtoka vidoleni. Ukimwambia "niaje" anakujibu "sijambo" na kukutazama mpaka ujirekebishe. Wavinya, mjane wa ndugu yake, alipojaribu kumwita auntie siku ya kwanza, alikatazwa papo hapo. Dada wa mumeo ni wifi yako, akaambiwa, neno lipo, kwa nini tukaombe la watu?

Basi Wavinya akamwita Wifi. Ila Wavinya alizaliwa na kukulia Nairobi hii hii, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi hii hii. Kwake kila kiumbe ni "i". Mgeni imekuja. Mtoto inalia. Pasta imesema. Mwalimu mzima wa lugha anakula chakula cha jioni na mtu wa namna hiyo kila siku, jamani, hebu fikiria maumivu.

Muasya, mumewe Wavinya, alikufa miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa wiki mbili tu. Kanyiva hakuwa na mume wala mtoto, na Muasya ndiye aliyekuwa ndugu yake wa pekee. Pale kaburini, kule Mwingi, aliushika mkono wa Wavinya akaubana mpaka pete ikamuumiza, akamwambia, "Tumebaki wawili." Wiki iliyofuata alifika na pikapu kwenye nyumba ya kupanga ya Wavinya, akapakia vitanda, masufuria na godoro, akampeleka kukaa kwenye SQ yake, kile kijumba cha uani ambacho zamani kilikuwa cha wafanyakazi. Hakuuliza, na Wavinya hakukataa. Aliyefiwa hubebwa tu kama mzigo.

Na alitunzwa, tusimwonee mtu. Alitunzwa sana. Mezani aliwekwa kwenye kiti cha Muasya. Alinunuliwa sweta la kijani kwa sababu Muasya alipenda kijani. Jumapili walikwenda kanisani pamoja, benchi moja, kitabu kimoja cha nyimbo. Ufunguo wa geti ulikuwa mmoja, na mwenye nao alitaka kujua unakwenda wapi, unarudi saa ngapi, na kwa nini usiende kesho. Wavinya alikuwa na miaka thelathini na minne, na alijiona sawa na ile picha ya marehemu pale sebuleni, inayopanguswa vumbi kila asubuhi na haiendi popote.

Mara tatu alijaribu kusema. "Wifi, nilikuwa nafikiria..." alianza, na mara tatu aliwekewa paja la kuku kwenye sahani. Utamwambiaje mtu unaondoka huku umetafuna paja lake?

Kitu kimoja tu kilimwokoa: mtandao mbovu. Kazi yake ilikuwa ya kompyuta, kujibu maswali ya wateja wa duka moja la viatu lililoko ng'ambo. Nyumba kubwa ilikuwa na wifi, lakini SQ iko mwisho wa ploti, mita thelathini hivi, kuta za mawe, na katikati pamesimama tangi la maji la chuma. Mtandao ulikuwa ukifika kwenye tangi unakata roho. Kwa hiyo kila siku saa mbili asubuhi Wavinya alisimama getini na begi lake, akasema, "Network iko mbaya, Wifi," na geti likafunguliwa. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa ufunguo wake. Alikwenda Dagoretti Corner, kwenye hoteli moja yenye orofa na mtandao wa bure, akafanya kazi mpaka saa kumi, na katikati akaishi kidogo kama watu.

Huko ndiko alikokutana tena na Janice, rafiki yake wa shule ya msingi. Janice alikuwa na nyumba ya vyumba viwili Ngara, na aliyekuwa akikaa naye alikuwa anaolewa. Alimwambia Wavinya achukue chumba kile, aje waishi, acheke, apake rangi ya mdomo. Wavinya aliitikia kabla sentensi haijaisha. Kilichobaki ni kumwambia Wifi tu. Ati tu.

Kabla hajamwambia, Wifi akatenda wema mwingine. Alikuwa amekaa akiumia moyo kwamba mke wa ndugu yake anatembea barabarani na kompyuta begani, siku moja wezi wataipokonya na kumuumiza juu yake. Akatafuta fundi wa mitandao, Nzioka, kijana mpole mwenye ngazi na maneno machache.

Nzioka alipiga simu Jumamosi asubuhi kuuliza hali ya mtandao kabla hajaja. Namba aliyopewa ilikuwa ya Wavinya, naye ndiye aliyepokea.

"Wifi iko?" fundi akauliza.

"Haiko," Wavinya akajibu. "Imeenda kanisa. Itarudi saa saba."

"Imeenda kanisa?" Nzioka akauliza. Baadaye walicheka wote watatu juu ya jambo hilo, na Kanyiva alicheka zaidi ya wote, mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Wavinya alikuwa hajamwona akicheka hivyo tangu msiba.

Siku ya kwanza Nzioka aliweka kisanduku kwenye dirisha la jikoni, cha kuusukuma mtandao kuelekea uani. Akatembea na simu ameinyanyua juu, akitangaza kila hatua: hapa iko, hapa iko, hapa iko. Alipopita tangi akasema, "Hapa imeisha." Wavinya alienda nyuma ya SQ, akajifanya anaanua nguo, akamshukuru Mungu kwa kuumba chuma.

Lakini fundi anayejua kazi yake ni adui mbaya. Nzioka alirudi akamweleza Mwalimu kwamba kwa hewa haitawezekana, mawe na chuma vitaula mtandao wote, dawa ni kuchimba. Siku mbili walichimba mtaro kutoka nyumba kubwa hadi SQ, wakalaza waya ndani ya paipu nyeusi, wakafukia, na mwisho wa waya wakapigilia ruta ya pili ukutani, juu kabisa ya kitanda cha Wavinya. Taa zake nne za kijani ziliwaka. Nzioka aliapa kwamba hiyo sasa haifi, hata inyeshe mvua ya mawe. Kanyiva alipiga makofi. Wavinya aliwapikia chai kwa mikono yake mwenyewe, na ilimshinda kuinywa.

Kuanzia siku hiyo hakuwa na sababu ya kutoka. Saa mbili asubuhi ilipofika alikaa kitandani na kompyuta mapajani, na saa nne Kanyiva akaingia na chai, akakaa ukingoni mwa kitanda, akazitazama taa nne. "Imefika vizuri?" Imefika, Wifi. Saa saba akaingia na chakula. Saa tisa akaingia kuuliza kama bado imefika. Siku kumi zilipita hivyo, na Wavinya hakuvuka geti ila kwenda kanisani. Ukuta wa SQ aliujua kila jiwe. Aliungojea umeme upotee, na stima ya Muthangari, ambayo hupotea kwa chafya, siku hizo ikawaka mchana na usiku kwa ukaidi. Alichukia taa zile nne, akajichukia na yeye kwa kuchukia kitu alichopewa kwa upendo.

Ijumaa, saa nne kasoro, Janice alimwandikia. Kuna msichana mwingine anakitaka chumba, anakuja na godoro leo saa kumi. Kama Wavinya anakuja, aje leo. Kama haji, aseme, wasilaumiane.

Wavinya alianza kuandika jibu. Katikati ujumbe mwingine ukaruka juu ya kioo, wa Kanyiva, na nukta na mikato yake yote: "Wifi yangu, imefika vizuri? Chai i tayari." Wavinya aliubonyeza ili uondoke. Haukuondoka, ulifunguka, na yeye kwa hasira hakutazama yuko wapi. Akaandika: "Nimechoka. Naomba Mungu wifi ikufe leo. Ikikufa tu natoka hii boma." Akatuma.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakujua kwamba siku hizi kidole ndicho kinachosema. Wavinya aliona jina lililoandikwa juu ya kioo, akaona tiki mbili zikigeuka buluu, ujumbe umeshasomwa. Alingoja jibu. Halikuja. Alingoja miguu ya Kanyiva uani, maana saa nne ilikuwa imefika na chai haijawahi kuchelewa. Hakuja mtu.

Akaenda yeye. Mita thelathini zile, juu ya udongo mbichi uliofukiwa waya, zilimchukua muda mrefu kuliko safari ya kwenda Mwingi kumzika mumewe.

Kanyiva alikuwa mezani. Vikombe viwili vya chai vilikuwa vimetengwa, vimeanza kuota utando. Simu ilikuwa mbele yake, na miwani ameivaa.

"Kaa," alisema.

Wavinya alikaa kwenye kiti cha Muasya. Alikaa kwa sababu hakuna kingine alichowahi kukalia.

"Wifi iko katika ngeli gani?"

Wavinya alitazama utando wa chai. Machozi yalikuwa karibu na hakutaka yamtangulie.

"Nitakusaidia," Kanyiva akasema, kwa sauti ile ile ya darasani. "Wifi ya Nzioka ni I-ZI. Wifi imefika, wifi imekufa. Mimi ni A-WA. Wifi amefika, wifi amekufa. Wewe umeandika ikufe. Kwa sarufi, mimi sijaguswa."

Wavinya alishika kamba hiyo kwa mikono miwili. Akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la Muasya kwamba ilikuwa ile ya waya, kwamba hata siku moja hajamwombea mtu mabaya, sembuse yeye.

"Nakuamini," Kanyiva akasema. "Nataka kukuamini. Lakini umeniita imeenda kanisa, Wavinya. Tulicheka. Miaka mitatu unakula kwangu na kwako mimi ni I-ZI. Sasa nitajuaje ni wifi gani uliyoiombea kifo?"

Sauti ilikatika pale mwishoni, na mwalimu akageuza uso kuelekea dirishani. Alipougeuza tena alikuwa anaomba, hakuna neno jingine. Alimsihi Wavinya aseme tu kwamba mashine ile ilikuwa inamsumbua, kwamba ataitwa Nzioka airekebishe, kisha wanywe chai, ipashwe moto kama imepoa. Akakisogeza kikombe.

Njia ya kutoka aibuni ilikuwa hiyo, pana na laini. Wavinya aliiona yote mpaka mwisho wake. Angesema ni mashine, angekunywa chai, jioni angewekewa paja la kuku, na angezeekea ndani ya sweta la kijani huku taa nne zikiwaka juu ya kichwa chake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasorobo. Aliogopa, na akaona huruma pia, maana alimpenda mama huyu, na hilo ndilo lililokuwa kufuli lenyewe.

"Ya kufa ni I-ZI, Wifi," alisema. "Lakini ya kutoka ni A-WA. Mwenye anataka kutoka ni mimi."

Kanyiva hakumsahihisha.

Akauliza kwa nini hakuambiwa. Wavinya akamjibu kwamba yeye ndiye aliyesema wamebaki wawili. Ukitoa mmoja hapo, unamwambiaje anayebaki? Akamweleza kuhusu Ngara, na Janice, na saa kumi. Akaeleza vibaya, bila mpango, akilia sasa waziwazi, na Kanyiva akasikiliza huku akikizungusha kikombe kwenye kisahani chake.

Kisha Kanyiva akainuka. Alikwenda kwenye kona ya televisheni, palipo na ruta kubwa, akainama kwa shida kwa sababu ya magoti, akashika plagi, akaichomoa. Taa zote zikazima.

"Haya, imekufa," alisema, bado ameinama, amempa Wavinya mgongo. "Toka, wifi yangu. Toka kabla sijairudisha."

Wavinya alifungasha begi moja. Kitanda na masufuria aliviacha. Geti alilikuta wazi, ufunguo ukining'inia kwenye kufuli, na mwenye ufunguo hakuonekana. Aliangalia dirisha la sebule, akaona pazia tu.

Alikuwa kwenye stendi, Dagoretti Corner, begi miguuni, simu ilipolia. Aliyepiga ni Nzioka. Alikuwa na njia yake ya kuangalia mitambo ya wateja kutoka mbali, na ya Muthangari alikuwa ameiona imepotea ghafla.

"Madam, nini mbaya huko?" aliuliza. "Wifi iko?"

Wavinya alifungua mdomo ajibu alivyozoea, kisha akasita.

"Yuko," alisema. "Amebaki peke yake."