Kiti Mahali pa Nguzo

Bi Ozella Crenshaw alirudi nyumbani kwake mwishoni mwa Januari, akiwa na nyonga mpya ya chuma na hasira mpya kifuani, akakuta nguzo ya mbayuwayu, ile ya kutundikia vibuyu wanamotagia ndege hao, haipo. Pale iliposimama tangu enzi za mama yake palikuwa pamesawazishwa na kumwagwa saruji. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Ng'ambo ya barabara, uwanjani kwa mdogo wake Lucious, nguzo ileile ya mwerezi ilikuwa imesimama katikati ya mialoni yake miwili mikubwa, vibuyu vyote vikining'inia.

Lucious alikuwa shemasi, na alikuwa na jibu kabla ya swali. Saruji, alisema, ni kwa usalama wake, asije akajikwaa kwenye shimo. Nguzo aliihamisha kwa sababu nyumba ile sasa inafungwa. Bi Ozella alipokuwa hospitali, ukoo ulikaa ukakubaliana kwamba mjane wa umri wake, tena mwenye nyonga ya kubandikwa, hawezi kuishi peke yake. Angehamia kwa Lucious na mkewe Earline, ambao walikuwa wameshampakia rangi chumba cha nyuma. Na kwa kuwa mbayuwayu hawakai penye nyumba isiyo na mtu, jambo ambalo Alabama kusini kila mtu analijua, wangefuata vibuyu vyao.

"Ukoo uliokaa ni upi?" Bi Ozella aliuliza. "Mbona mimi sikuitwa?"

"Ulikuwa usingizini, dada. Zile dawa."

"Kwa hiyo mmenigawana nikiwa usingizini."

Mchungaji, aliyekuja kumjulia hali, alikohoa na kutazama kofia yake. Lucious akaona amepata msikilizaji, akaongeza kwamba hata ndege wenyewe wangeonyesha. Wakija watatua kwake, na hapo dada yake atajua kuwa mambo ya nyumba ile yamekwisha. Ndipo Bi Ozella alipotamka neno lililomponza, au lililomwokoa. Alisema wakitua kwa Lucious, yeye mwenyewe atabeba godoro lake avuke barabara. Wakitua kwake, mtu yeyote asimtajie tena chumba cha nyuma mpaka siku atakayokufa. Mchungaji alikuwa shahidi, apende asipende.

Lucious alikulia chini ya ndege hao, lakini sidhani kama aliwahi kuwatazama. Mama yao aliwahi kukata mpichi wake mwenyewe, uliokuwa ukizaa vizuri, kwa sababu ulianza kuifikia nguzo. Mbayuwayu anataka watu karibu na miti mbali. Anapenda kuingia mlangoni kwake kwa kasi, bila tawi la kumficha kipanga. Lucious naye aliipenda mialoni yake kuliko baadhi ya jamaa zake. Na kosa lake kubwa zaidi lilikuwa lile la kudhani kwamba ndege hurudi kwenye kibuyu. Mbayuwayu hurudi mahali.

Bi Ozella aliyajua hayo, na kwa sababu hiyo alijua pia hatari yake. Mahali hapo sasa palikuwa patupu. Alipanga kumtafuta mtu wa kuvunja saruji na kusimamisha nguzo nyingine wiki itakayofuata, kwa kuwa ndege wa kwanza aghalabu huja Februari ikishaanza. Mwaka huo upepo wa joto uliwahi kuvuma kutoka ghuba ya kusini, na ndege wakawahi pamoja nao. Alikuwa akikoroga uji wa mahindi jikoni aliposikia juu ya paa ile sauti yao ya koromeo, ya kububujika, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka nje.

Walikuwa wawili, madume, weusi wa kung'aa zambarau. Walizunguka juu ya ile saruji kwa kimo kilekile cha vibuyu vya zamani, wakisogea, wakisita, wakirudi, wakitafuta mlango hewani. Wametoka Brazili, safari yote ile, kuja kutafuta mlango ambao mtu ameung'oa. Bi Ozella alilia pale pale, ameegemea fremu yake ya kutembelea, na alilia kwa uchungu na kwa hasira. Kisha akajifuta kwa aproni.

Ndege walivuka barabara. Waliizunguka nguzo ya Lucious, wakaiona mialoni, wakarudi. Lucious, aliyekuwa barazani na kahawa yake, akapaza sauti kuwa wanaona haya tu, watazoea. Lakini Bi Ozella alijua kwamba wakichoka kutafuta wataendelea na safari mpaka uwanja wa mtu mwingine, na mwakani wangerudi huko huko.

Akaenda kwenye banda la zamani la kukaushia nyama, fremu ikikwama kila hatua kwenye udongo mwekundu. Humo vilikuwamo vibuyu vitatu alivyovitoboa kabla ya kuugua. Akavifunga kwa waya kwenye ncha ya ule mti mrefu wa kuinulia kamba ya nguo. Kuuchomeka pale haikuwezekana, Lucious alikuwa amehakikisha hilo kwa saruji yake. Kwa hiyo akakokota kiti cha jikoni mpaka katikati ya saruji, akaketi, akausimamisha mti kati ya magoti yake, akaushika kwa mikono miwili.

Watu walianza kupita polepole kuliko kawaida. Jirani mmoja alisimamisha gari lake la mizigo, akashusha kioo.

"Bi Ozella, leo unavua nini?"

"Navua nyumba yangu. Ondoa gari, unawatisha."

Shomoro wakaja kuchungulia vibuyu, akawafukuza kwa kuutikisa mti na kuwatukana kwa maneno ambayo kanisani hawayajui. Mabega yakaanza kutetemeka. Nyonga ikauma, ikafa ganzi, ikauma tena. Mbayuwayu walikuwa wakishuka na kupanda, wakipita karibu mpaka alisikia mabawa yao, lakini hawakutua, maana mti ulikuwa ukiyumba mikononi mwake. Hilo lilimuumiza kuliko nyonga. Kila kitu alikuwa amekipata sawa isipokuwa nguvu, na nguvu ndiyo waliyosema hana.

Lucious akavuka barabara, mikono mifukoni.

"Inatosha sasa, dada. Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Macho ni yao."

"Utaanguka na hicho kiti. Hebu ona unavyotetemeka."

"Naona. Shika."

"Nishike nini?"

"Shika mti, Lucious. Nimebanwa na mkojo tangu wakati ule. Au nijikojolee hapa mbele ya watu, halafu mchungaji aambiwe shemasi alisimama akitazama?"

Akashika. Angefanyaje. Alikuwa mtu mnene, imara, na mti ulitulia mikononi mwake papo hapo. Bi Ozella aliondoka na fremu yake bila haraka. Alipotoka tena barazani, dume mmoja alikuwa ameshikilia mdomo wa kibuyu cha katikati, mkia nje na kichwa ndani. Mwingine alikuwa juu ya ncha ya mti, akiimba. Na shemasi Lucious Crenshaw alikuwa amesimama juu ya saruji yake mwenyewe, hapumui vizuri, shingo imepinda kuangalia juu, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyewahi kuishi katika nyumba hiyo.

Bi Ozella akajimiminia kahawa. Akaketi barazani.

"Dada," Lucious alinong'ona. "Njoo ushike."

"Mimi? Mimi ni mgonjwa. Siwezi hata kuishi peke yangu."

"Nikiachia wataondoka."

"Basi usiachie."

Akanywa kahawa yake taratibu. Ng'ambo, Earline alikuwa ametoka nje, anatazama.

"Mwambie mkeo alete nyundo ya kuvunjia saruji," Bi Ozella alisema. "Halafu atafute watu wa kuing'oa ile nguzo yangu na kuirudisha hapa. Polepole, vibuyu visipasuke. Hapo nitakuja kukupokea huo mti."