Sebule Imefika Salama

Jumatatu asubuhi mshona mapazia alibeba sinia la chai, akausukuma mlango wa sebule kwa kiwiko, na nusura atumbukie kwenye majani. Sebule haikuwepo. Pale palipokuwa na makochi, paka wa jirani alikuwa amekaa anajilamba. Alirudi na sinia lake jikoni, akamwambia Pini kwamba leo watanywea huku huku.

Hawajamaliza kunywa, simu ikalia. Alikuwa mdogo wake wa kiume.

"Dada, sebule imefika salama," alisema. "Imekaa vizuri tu, ubavuni mwa baraza yetu. Ila taa mliiacha inawaka."

Mshona mapazia aliomba radhi kwa ajili ya taa.

Hapakuwa na fumbo lolote. Jana yake mdogo wake na mkewe walikuja kumjulia hali, maana daktari alikuwa amesema moyo wake umechoka. Wifi alizungusha macho sebuleni, akasema kwa upole kabisa, "Hii tukija kuirithi, makochi tutayageuza yaangalie dirisha." Hakuna aliyeona kwamba kasema vibaya. Mwenye nyumba hakuwa na mume wala mtoto. Wenyewe ndio hao, na sebule ilikuwa imesikia.

Pini hakuhesabiwa. Pini alikuwa fundi mwenzake, mwanamke mfupi aliyeitwa hivyo kwa sababu alizungumza na watu pini zikiwa zimebanwa midomoni. Walianza na cherehani moja sokoni wakiwa wasichana, kisha wakaijenga nyumba hii chumba baada ya chumba, kila ilipopatikana kazi nono ya shule au hoteli. Hati ilikuwa na jina moja tu kwa sababu siku ya kuandikisha, Pini alibaki nyuma kumalizia mapazia ya ukumbi wa harusi, na mteja alikuwa amewakalia kooni. Walisema watakwenda kuongeza jina la pili kazi zikipungua. Kazi hazikupungua.

Tangu sebule iondoke, mshona mapazia hakukaa kitako. Alikuwa mtu wa kuinuka na chakula mdomoni, kwenda kugusa kuta, kurudi, kuinuka tena. Alisimama ukumbini akasema kwa sauti, "Nyumba hii ni ya Pini." Akarudia asubuhi, akarudia jioni, mpaka Pini akamwambia atapasuka koo. Nyumba haikumsikiliza mwenye nyumba.

Katikati ya wiki mpwa wake alipita kuchukua suruali aliyopunguziwa, akasifu jiko lilivyoingiza hewa. "Shangazi, mkija kugawa, mimi nipeni jiko," alisema. Jiko likaondoka sufuria ikiwa motoni. Kesho yake kijana aliirudisha sufuria, imeoshwa na kukaushwa. Alikuwa na adabu zake.

Kila chumba kilipoondoka kiliacha mapazia chini, kwa hiyo wifi alipiga simu kuagiza mengine. "Vipimo si mnavyo?" aliuliza. Walikuwa navyo kichwani. Wakashona, Pini akapinda pindo kimya kimya, wakayapeleka. Hasira zilikuwepo, lakini hawakuwahi kumpelekea mteja kazi ya hovyo.

Ndipo mshona mapazia alipokwenda kwa wakili, binti mmoja ambaye walimshonea mapazia ya ofisi.

"Mama, umechelewa kidogo," wakili alisema. "Watu wasio na mume wala mtoto hawanijii mpaka vitu viwe vimeanza kuhama. Nina mteja mwalimu, kapera, paa lake liliondoka yuko anaoga."

"Nataka kuandika kwamba nyumba yote ni ya Pini."

"Tutaandika, na mashahidi tutawatafuta wasio ndugu zako. Huyo Pini naye asiwe shahidi. Lakini wosia unaanza kazi ukishafariki, mama yangu. Vyumba havisubiri."

"Sasa nifanye nini?"

"Kamwombe anayevihamisha kwa maneno aseme maneno mengine."

Wosia ukaandikwa, ukatiwa sahihi mbele ya mashahidi, ukafungiwa kabatini kwa wakili. Mshona mapazia akatoka pale kwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Alikaribishwa kwenye sebule yake mwenyewe. Makochi yalikuwa yameshageuzwa.

"Nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Sema nyumba ni ya Pini."

Mdogo wake alicheka, kisha akaacha alipoona dada yake hacheki. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempeleka hospitali, na bomba likivuja ndiye aliyekuja na spana bila kuitwa mara mbili.

"Dada, nitasemaje kitu kama hicho? Kwani yule ni nani kwako?"

"Mwenzangu."

"Mwenzako wa nini?"

Mshona mapazia akayapitia majina. Wifi alikuwa na jina lake na sebule yake, mpwa alikuwa na jina lake na jiko lake. Pini hakuwa dada. Hakuwa mpangaji, nani hulipa kodi kwenye nyumba aliyoijenga? Rafiki ni mtu anayekuja, akanywa chai, akaondoka. Kwa mtu anayeamka akisikia tu pumzi ya mwenzake imebadilika, hakuona jina ambalo mdogo wake angelikubali. Iliuma kuliko moyo wenyewe.

"Wa maisha," alisema mwishowe.

"Basi msalimie." Mdogo wake alimshika bega. "Na wewe uache kuhangaika peke yako kule. Hivyo vyumba vilivyobaki vije tu huku, ukae na watu wako."

Alisema kwa mapenzi ya kweli. Mshona mapazia alikuwa ameshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

Alimkuta Pini amekaa kwenye lundo la mapazia, katikati ya kiwanja kitupu.

"Umeumia?"

"Hapana. Chumba kilinitua taratibu kabla ya kuondoka," Pini alisema. "Ila cherehani imekwenda."

Kiwanja nacho kilifuata siku chache baadaye, na jirani wa kushoto na wa kulia wakajikuta wanatumia ukuta mmoja. Mshona mapazia alihamia kwa mdogo wake, kwenye chumba chake mwenyewe. Alikuwa akitoroka kila siku kwenda sokoni kwa Pini na kurudishwa na mpwa wake kwa heshima zote, mpaka moyo ulipogoma.

Mazishini ilitangazwa kwamba marehemu hakuolewa wala kujaaliwa mtoto, na kwamba ameacha mdogo wake, wifi na wapwa. Pini alisikia akiwa nyuma, pamoja na wateja. Baada ya mazishi wakili alikuja kusoma wosia sebuleni. Kila mtu alisikiliza kwa utulivu, na Pini akasikilizia mlangoni, kwa kuwa viti vilikuwa vya wanafamilia.

"Sisi hatupingi hata neno moja," alisema mdogo wa marehemu, akifuta machozi. "Nyumba ya kule ni yake. Aende akaichukue pale ilipokuwa."

Wakili alikunja karatasi zake. Wifi, ambaye hakupenda mgeni aondoke bila kuagwa, alimsindikiza Pini hadi barazani.

"Siku hizi unalala wapi?" alimuuliza.

"Sokoni. Kuna fundi ameniruhusu nilale chini ya meza ya kukatia."

"Afadhali," alisema wifi. "Uko karibu na kazi."