Kila Mtu Anatoa Tano

Kazi ya dada huyu ilikuwa kuwapigia simu watu waliotumia huduma za serikali za mtandaoni, awaulize zimewaendeaje, kisha waipe huduma alama, moja hadi tano. Ikifika mchana sauti imeshamkauka na sikio la kulia linawaka moto. Lakini kilichomchosha si kuongea, ni zile tano. Mtu anakusimulia tovuti ilivyomkatikia njiani, nyaraka zake zilivyopotea, alivyoanza upya mpaka akachanganyikiwa, ukimwomba alama anakujibu haraka haraka, "Tano, dada. Weka tano."

Siku hiyo alimpigia mama mmoja mjane, aliyekuwa akiomba mafao ya marehemu mumewe mtandaoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alipotaja ofisi anayofanyia kazi, upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu, kama mtu aliyeinuka kwa heshima.

"Huduma ni nzuri sana," mama akasema. "Tano."

"Mafao umeshapata?"

"Bado."

"Umekwama wapi?"

"Sijakwama. Nasubiri tu."

Siku nyingine angeandika tano akakata. Leo hakuwa na nguvu hata ya kudanganywa.

"Mama, mimi faili lako silioni. Hata ukinipa moja, hakuna wa kukurudisha nyuma."

"Hulioni?"

"Silioni."

"Basi unanipigia ya nini?"

"Nikusikilize," akasema, na neno lenyewe likamtoka kwa aibu.

Mama akakaa, akaeleza. Kila akitaka kuingia, mfumo unatuma namba ya siri kwenye simu ya marehemu, maana ndiyo iliyoandikishwa. Simu ni mbovu, haikai na chaji ila ikichomekwa ukutani, na kampuni ya simu imeshatuma ujumbe kwamba laini itafungwa. Alikwenda ofisini kuomba namba ibadilishwe. Wakamwambia inabadilishwa mtandaoni, tena na mwenyewe.

"Nikawauliza, mwenyewe nani? Wakasema mwenye namba."

Dada akamwomba alama upya.

"Weka moja, basi," mama akasema. Kisha akasita. "Au mbili, mwanangu. Isiwe kama nimetukana."

Aliandika mbili. Sehemu ya maoni ilikuwa finyu, ikamkata katikati ya sentensi, kwa hiyo akaenda kumweleza mkuu wake ana kwa ana. Mkuu alimsikiliza huku akijisugua macho.

"Hilo tunalijua. Limo kwenye ripoti iliyopita, na ya kabla yake."

"Wakubwa walisemaje?"

"Waliangalia wastani. Wastani ni mzuri."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyebeba mzigo mpaka akasahau anaupeleka wapi.

Dada akashuka ngazi hadi chumba cha mafundi wa mfumo, kuomba namba ya mama ibadilishwe. Fundi aliyekuwapo alikuwa anakula, akatikisa kichwa kabla hajamaliza kutafuna. "Sina ruhusa, dada." Dada hakuondoka. Wala haukuwa ushupavu. Miguu tu ilikuwa imegoma kupanda zile ngazi tena. Akaegemea mlango, akamtazama anavyokula.

Mwishowe fundi akasukuma sahani pembeni. "Mwambie aje na cheti cha kifo, aniulizie mimi. Nitambadilishia. Lakini huyu mmoja tu, usinijazie watu hapa."

Mama alikwenda wiki hiyohiyo. Alipopigiwa tena, sauti yake ilikuwa nyepesi kidogo.

"Namba sasa inaingia kwangu. Wamesema ombi limepokelewa. Ile simu ya mzee nimeichomoa." Akavuta pumzi. "Nilishazoea kuiona inawaka pale ukutani."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Na wewe pole na kazi."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo kwenye ile laini. Alikaa na kipokea sauti shingoni, akiwafikiria wajane wengine waliokwama palepale, ambao fundi hataki kuwaona. Kisha akabonyeza namba iliyofuata. Akapokea mwanamume mwenye haraka, nyuma yake watoto wanagombana.

"Tano," akasema, kabla hata hajaulizwa.

Alitaka kumwambia, baba, hebu niambie kweli. Akaandika tano. Hakuwa na nguvu ya kumchimba mwingine.