Taarifa Ilikoanzia

Sixbert ndiye aliyesema, mbele ya kijiji kizima, kwamba Bi Maftaha alichezea kifaa.

Vifaa vya aina hiyo vilifungwa kwenye nguzo kandokando ya mto pale Kitomanga, kupima maji yanavyopanda. Kila kimoja kilirusha taarifa bila waya kwa kile cha chini yake, hadi kwenye king'ora cha ofisi ya kijiji. Siku ya harusi ya binti yake Haruna, mwenyekiti wa kijiji, king'ora kikalia. Watu waliacha pilau kwenye masinia wakakimbilia kilimani, wagonjwa mgongoni, bibi harusi na viatu mkononi. Kumbe mto ulikuwa umetulia tuli.

Nguzo ya mwisho kabla ya ofisi ilikuwa ndani ya bustani ya Bi Maftaha, mjane mkulima wa mchicha, na alikuwa ameifunga kamba ya kuanikia nguo. Sixbert, aliyeandika programu ya vifaa vile, hakutafuta zaidi. "Mama huyu ndiye aliyekitikisa," alisema mkutanoni. Bi Maftaha alipotaka kujibu, Haruna alimkatiza. Tangu hapo wanawake wenzake wakawa wanampita njiani bila salamu.

King'ora kikalia tena, mto umetulia vilevile, na kamba ilikwisha kuondolewa. Sixbert alirekebisha programu ili kila kifaa kitaje taarifa kimeipata wapi, kisha akazifuata kinyumenyume, kutoka kwenye king'ora kuelekea juu ya mto. Kifaa cha Bi Maftaha kilikuwa kimepokea na kupitisha tu. Kosa lilianzia nguzo ya juu kabisa. Betri ikiishiwa nguvu, kifaa kilijizima na kujiwasha, na kabla hakijapima chochote kikatuma namba iliyobaki tangu Sixbert alipokijaribu kwa kukizamisha ndani ya ndoo ya maji. Kuiambia programu iifute namba ile, alisahau yeye mwenyewe.

Angeweza kurekebisha kimyakimya, wala asingejua mtu. Wazo hilo alilikumbatia muda mrefu mno, akajichukia. Mwishowe akaenda bustanini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alieleza yote, macho chini. "Kosa ni langu. Naomba unisamehe."

Bi Maftaha aliendelea kung'oa magugu. "Ulinisema mkutanoni. Mbona msamaha unauleta huku kwenye mchicha?"

Sixbert akaenda kwa Haruna kuomba mkutano uitishwe.

Mkutano ulipoitishwa, alisimama akasema yote. Kuna aliyecheka kwa nyuma. Mwingine akauliza, "Siku maji yakija kweli, tukuamini vipi?"

Haruna na mkewe walikwenda kumwomba radhi Bi Maftaha, naye akawapokea. Ila alitaka nguzo iondoke kwake. Sixbert aliing'oa mwenyewe, mchana, wapita njia wakimtazama. Alipoaga, Bi Maftaha aliitikia bila kugeuka, akaendelea kumwagilia.