Vipimo vya Chiriku

"Kifaa bado kinatumika," wifi alisoma kwa sauti, mara ya tatu sasa. "Kinatumika na nani, jamani? Mwenye kompyuta tumemzika."

Waya wa diski ya nje ulikuwa kati ya vidole vya Mama Vifungo. Tangu Fundi, mumewe, aanguke na kufa palepale mezani, huu sasa mwezi wa pili, hakuna aliyeigusa kompyuta ile. Haikuzimwa; ililala tu chini ya kitambaa, umeme ukiingia, na kila akipita na ufagio alikiona kijitaa chake kikififia na kuwaka kama kitu kinachopumua. Alifagia upesi akatoka.

Leo wifi yake amekuja kuchukua diski. Naye ni mshonaji, ndiye anayelirithi duka la kaka yake, na vipimo vya wateja wote vimo humo.

"Chomoa tu, wifi. Itakuuma?"

"Kaka yako hakuichomoa hata siku moja bila ruhusa."

"Kaka yangu alikuwa na mambo yake! Yule hata pasi aliiaga."

Kweli. Kila mara Fundi alibonyeza pa kutolea diski, akaweka mikono magotini, akangoja hadi aambiwe ni salama. Subira yote hiyo kwa kidude! Lakini siku aliyorudi kutoka kumzika Chiriku, mtoto wao wa pekee, miaka sita, homa ya siku tatu tu, mwanamume huyo huyo alikaa kwenye cherehani akamalizia suruali ya mteja. Suruali! Na jina la mtoto hakulitaja tena. Miaka kumi na minane Mama Vifungo alimpikia, alimshonea vifungo vya mashati ya watu, na moyoni hakumsamehe.

"Kuna faili iko wazi," alisema. "Hebu sogea."

Ilikuwa imejificha chini kabisa kwenye kioo cha kompyuta. Aliibonyeza, ikafunguka. Juu iliandikwa: Chiriku.

*Miaka saba. Kifua inchi ishirini na tatu. Pindo liachwe refu.*

*Miaka kumi na miwili. Anarefuka huyu! Gauni la mwaka jana halimtoshi.*

*Miaka kumi na sita. Hataki mikono mifupi. Usibishane naye.*

*Miaka ishirini na mitatu. Gauni la harusi. Kiuno ishirini na saba.*

Wifi alivuta kiti akakaa bila kuangalia anakalia nini. "Ewe kaka wewe," alisema taratibu.

Mama Vifungo aligeuka akatazama mlango, kana kwamba binti angeingia, kisha akaona aibu kwa kutazama. Alirudi kwenye mstari wa mwisho.

*Miaka ishirini na minne. Kiuno kilegezwe, mimba ya miezi mitano. Mkono inchi*

Hapo maneno yalikatika. Kistari cha kuandikia kiliwaka na kuzima, kikingoja tarakimu.

"Alikuwa naye," Mama Vifungo alisema. "Miaka yote hii alikuwa naye humu ndani, mimi niko jikoni. Mbona hakuniita?"

Wifi alimshika bega. Baadaye alijaribu kuifunga faili. Kompyuta iliuliza kama mabadiliko yahifadhiwe.

"Sema ndiyo, wifi, tumalize."

"Haijaisha hiyo." Mama Vifungo aliuondoa mkono wa wifi kwenye kipanya, akaitungua futi ya kitambaa kwenye msumari. "Nipime."

"Nikupime wewe?"

"Mkono. Si nyinyi wenyewe mlisema mtoto kachukua mikono yangu?"

Wifi hakutania tena. Aliilaza futi kutoka begani, akaipitisha kwenye kiwiko, akaifikisha kwenye kifundo cha mkono, kwa uangalifu wa mtu anayepima kitambaa cha bei mbaya. "Ishirini na mbili na nusu."

Mama Vifungo aliandika kwa kidole kimoja cha mkono uliokuwa huru. Akahifadhi. Akafunga. Akabonyeza pa kutolea, wakangoja wote wawili, hadi maandishi yakatokea: *Sasa unaweza kutoa kifaa kwa usalama.*

Wifi alifungua mkoba wake akaukinga chini ya diski. Alingoja ichomolewe. Alipoinua macho, Mama Vifungo alikuwa bado amesimama, mkono umekunjwa kidogo kiwikoni, kama mteja ambaye hajaambiwa kwamba kipimo kimekwisha.