Nukta Nyekundu Juu ya Meza ya Viatu

Fundi viatu alikuwa amefika nusu ya soli alipoinua kichwa akashtuka. Tangu asubuhi hajaitwa hata mara moja.

Hakuwa akisikia. Miaka ya kusaga mawe kiwandani ilikuwa imemmaliza masikio yote mawili. Mkewe, ambaye maradhi ya kifua na miguu yalimlaza kitandani huu mwaka wa pili, alimwita kwa kikurunzi cha leza, vile vya bei poa ambavyo watu huchezea paka. Kitanda kilikuwa kando ya dirisha, meza ya fundi ng'ambo ya ua. Mke akibonyeza, nukta nyekundu hutua mezani, pengine juu ya kidole gumba cha mumewe, kwa utani. Simu ilivishinda vidole vya mke vilivyokakamaa. Kamba ya kufunga mguuni mwa fundi, mke aivute, waliijaribu, ikamwangusha mteja.

Fundi alikitupa kiatu akakimbilia ndani.

Alimkuta mkewe ameteleza, kichwa kinaning'inia nje ya kitanda, midomo imegeuka rangi, kikurunzi bado kiganjani. Alimwinua, akamwegemeza kifuani, akamsugua mgongo mpaka pumzi ikaanza kurudi vipande vipande. Alipomlaza kwenye mito, aliisoma midomo yake.

"Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi."

Dada mkubwa wa mkewe alikuwa ameingia na kapu la nguo safi, akawakuta vile. Hakufoka. Alisimama mbele ya fundi ili auone mdomo wake vizuri.

"Shemeji, sikulaumu. Lakini ungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunalia sasa hivi. Kwangu kuna watu wenye masikio. Jioni naleta gari nimchukue."

"Kikurunzi kimeharibika, basi. Nikikitengeneza?"

"Kitengeneze. Nikikikuta kinafanya kazi, nitanyamaza."

Shemeji akabaki na mgonjwa, fundi akatoka roho juu. Alipitia maduka mawili ya vikorokoro. Vipya vilikuwa vimekwisha, mzigo mwingine labda wiki ijayo.

Fundi redio wa kwenye kona alikifungua, akakichungulia kwa lenzi. Waya mwembamba kama unywele ulikuwa umeachia kwenye kijitaa. Alipoubana kwa ukucha, mwanga ukaja, ukapotea. Aliinua uso, akatamka neno moja moja.

"Mwenzangu, hivi vinatengenezwa vitupwe. Nikilehemu, joto likizidi kidogo, kijitaa kinaungua na hapo basi tena. Nikikiacha, angalau mara moja moja kitawaka. Niguse au nisiguse?"

Fundi viatu alikitazama kile kidude, kifupi kama kidole, akaona nyumba yake yote imo humo. Kikiungua, jioni gari linakuja. Kikibaki hivi hivi, gari linakuja vilevile.

"Gusa," alisema. "Gusa kabla sijabadili mawazo."

Moshi mdogo ukapanda. Nukta nyekundu ikatokea ukutani. Fundi viatu akakaa juu ya redio mbovu.

Karibu na nyumbani alisimama nyuma ya ukuta, akakibonyeza mara kumi. Mara saba kiliwaka. Mara tatu, kimya.

Alijua shemeji atakijaribu mara mbili tatu tu. Akafunga mdomo, akaingia.

Shemeji alikilenga dirishani, akabonyeza. Nukta ikatua mezani. Akabonyeza tena, ikatua. "Haya," alisema, "nimenyamaza."

Mkewe alitabasamu. Fundi alikitazama kifua chake kikipanda na kushuka kwa shida.

"Kinakataa," alisema. "Nimekijaribu hapo nje. Mara tatu katika kumi kinakataa."

Shemeji akakaa kitako. Kisha mgonjwa akamvuta mumewe shati.

"Niulizeni na mimi. Siendi popote. Meza ije humu ndani, uwe unaniona."

"Na gundi? Harufu yake itakumaliza."

"Gundi ibaki nje. Viatu vya kubandika vikatae. Shona tu."

"Mke wangu, nusu ya kazi yangu ni gundi. Tutakula nini?"

"Hilo sijui."

Shemeji aliwatazama wote wawili kwa zamu. Akatoka uani, akashika upande mmoja wa meza, akamngoja fundi aje ashike wa pili.

Alasiri ile ile fundi aliwarudisha wateja watatu mlangoni, viatu vyao vya kubandika mkononi. Wa tatu alikuwa mteja wa miaka mingi, akaondoka bila kuaga. Fundi alirudi kukaa karibu na kitanda, akawa anashona na kumtazama mkewe, anashona na kumtazama, hofu imemjaa tele.

"Unanitazama mno," midomo ya mkewe ilisema. "Utajidunga."

Alikwisha kujidunga mara mbili.